Isale kwa Soko Zima

Jumanne, 3 Oktoba 2000

Siku ya soko. Siku yangu! Nimeamka kabla ya jogoo wa jirani, nikazunguka kihamba chote, shamba letu la migomba na kahawa, bila kazi maalumu, mpaka ng'ombe akaanza kunitazama vibaya. Tangu nipunguzwe kazi kiwandani Moshi mjini sijapata asubuhi yenye maana. Leo nimeipata.

Chama chetu kipya, Chama cha Umoja na Neema, kimemleta mgombea wake wa udiwani hapa sokoni Kimboni. Mheshimiwa Shedrack. Anaishi Arusha, lakini kihamba cha baba yake kiko huku juu. Alitukusanya sisi wa kujitolea nyuma ya pikapu yake, akasema chama kinataka mahali pa kuweka meza na bendera mpaka siku ya uchaguzi. Pawe chini ya paa. Pawe karibu na lango. Akaongeza kwamba atakayeleta kura za soko ndiye atakayekuwa msimamizi wa soko. Msimamizi! Mwenye ofisi, mwenye ufunguo, mwenye kiti cha kuzunguka.

Primus akaanza kuvimba palepale. Primus ni jirani yangu, fundi redio, na ana kipaza sauti cha betri, kwa hiyo anajiona nusu waziri. Nikaona bahati inaniponyoka. Nikanyoosha mkono. Nikasema mahali ninapo.

Ninapo kwa maana ya ndoa. Ni mahali pa Elisifa, mke wangu. Hapo anauzia ndizi, na mama yangu aliuzia hapohapo kabla yake. Soko letu limeezekwa nusu tu. Nusu ya pili ni jua na mvua, kwa sababu wafadhili waliishiwa, ndivyo tulivyoambiwa. Na wanawake wa soko hawana hati wala karani. Mahali ni pa anayekaa. Ukipaacha, atakayekaa baada yako ndiye mwenyewe.

Elisifa alifika na mkungu kichwani, akakuta meza, bendera na mimi. Aliitazama meza. Aliitazama bendera. Mimi hakunitazama. Akaenda kukaa kule kwenye mfereji, juani. Nikamfuata mbio, nikamweleza kwamba ni kuazima tu, kwamba nikiwa msimamizi nitampa kona nzima. Akageuza mkungu upande wa pili.

Nilipokuwa narudi, Mama Eliona akaniita. Huyu ndiye mkubwa wa wanawake wa soko, anaamua ugomvi wote wa pale. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akaniuliza kama nimelala salama. Nikasema salama kabisa. Akasema haya. Hiyo haya yake sikuipenda.

Jumatano, 4 Oktoba

Elisifa hasemi nami. Anapika, anafua, ila maneno yote anampa ng'ombe. Jioni nilimsikia bandani akimweleza kwamba kuna watu wanagawa vya wenzao, na kwamba ada ya Doris ya muhula ujao inatoka pale langoni, si mahali pengine. Ng'ombe akatafuna. Mimi nikiwa mlangoni nikasema kwa sauti kwamba mambo yatakuwa mazuri. Elisifa akamwambia ng'ombe asogeze mguu.

Ni kweli kuhusu ada. Doris yuko bweni, kidato cha tatu, na kahawa yetu siku hizi haimlipii hata sare. Yote hayo nimeyafikiria. Ndiyo maana lazima nishinde. Nikishinda, nitamrudishia mama yake mahali pake, pamoja na ziada. Nisiposhinda... hapana, hilo silifikirii.

Nimeteuliwa rasmi kuwa Katibu Mwenezi wa Soko. Nimepewa kofia. Ya Primus ina kivuli kipana zaidi.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimehutubia. Nilipanda juu ya meza nikaanza na bei ya kahawa, nikidhani itawagusa. Hakuna aliyegeuka. Nilipopandisha sauti, wao walipandisha bei. Mama mmoja wa ulezi aliniomba nishuke, namzibia mwanga.

Nimegundua tatizo. Soko la wanawake halimsikilizi mwanamume asiyenunua. Mpango mpya, hapohapo: nunua ndizi, upate masikio! Nikanunua mkungu wa mshare, ndizi za kupika. Muuzaji alinisikiliza kwa adabu mpaka nilipomaliza kulipa, kisha akamgeukia mteja mwingine. Nikahamia kwa jirani yake. Na kwa jirani wa jirani yake. Kufika mchana nilikuwa na ndizi za kulisha sherehe na sina hata kura moja ya uhakika.

Nilizibeba kichwani, nikapita mbele ya kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Sijui kwa nini sikuzunguka nyuma. Wanaume wote walisimama. Mmoja alivua kofia, akaniita mama, akauliza bei.

Nyumbani nikamkuta Elisifa amerudi na mikungu yake yote. Kule mferejini wateja hawafiki. Sasa ndizi ziko jikoni, ziko sebuleni, ziko chini ya kitanda. Amemwambia ng'ombe kwamba katika familia hii leo kuna mmoja tu atakayefurahi, naye ni ng'ombe mwenyewe.

Jumapili, 8 Oktoba

Kanisani. Baada ya ibada, mnada wa sadaka kama kawaida: mayai, maharage, jogoo mmoja mkubwa. Nikapata wazo. Kila nilipopandisha bei ya jogoo nilitangaza kwamba ni kwa niaba ya Mheshimiwa Shedrack, mgombea wenu mpendwa. Mara tatu hivi. Mchungaji aliuliza kwa upole kama jogoo naye ana kadi ya chama. Watu wakacheka mpaka waimbaji wakashindwa wimbo wa kufunga.

Jogoo nikaachiwa mimi. Amelala chini ya kitanda na ndizi. Siwezi kutulia humu ndani.

Jumanne, 10 Oktoba

Mvua. Mvua hasa, ya kumwaga.

Kwanza uchungu mdogo. Primus amefanikiwa. Hahutubii kabisa. Anatangaza mbuzi waliopotea, anatangaza nani ameleta magadi mazuri, na katikati anachomeka jina la Mheshimiwa kama chumvi. Wanawake wanampelekea matangazo! Wanampelekea na karanga!

Sasa uchungu mkubwa. Salvina, mke wa Primus, anauza maharage pembeni ya meza yetu. Leo mvua ilipopiga upande wake, aliingiza debe lake chini ya meza. Nikamwambia pale ni mali ya chama. Akasema debe halina chama. Ilipokatika hakulitoa. Nimeelewa mara moja. Siku meza ikiondoka, debe litakuwa limekaa. Na mahali ni pa anayekaa.

Na Elisifa alikuwa kule, gunia kichwani, ameziinamia ndizi kama mtu anayefunika mtoto. Mimi chini ya paa na bendera yangu kavu. Nilijisikia vibaya sana. Nilitaka kwenda. Nikakumbuka kwamba nikiondoka mezani Salvina ataingiza debe la pili. Nikabaki. Nimerudi nyumbani nimechoka kwa kusimama na kukaa, kusimama na kukaa.

Alhamisi, 12 Oktoba

NIMEPATA!

Filemon wa ng'ambo ya mfereji alikata migomba ya kaka yake mwaka jana kwa hasira, na tangu siku hiyo walikuwa hawasalimiani. Kaka mtu aliapa mbele ya ukoo kwamba hatamsamehe mpaka kaburini. Leo Filemon ameenda na wazee wawili, ameshika jani la isale limepigwa fundo. Nilichungulia kwenye uzio. Kaka mtu aliliona lile jani, akatukana, akazunguka nyumba nzima, akalia, akalipokea kwa mikono miwili. Huwezi kulikataa isale. Hata uwe na haki yote ya dunia, ukiletewa isale umekwisha. Kila Mchaga analijua hilo tangu anapoanza kutambaa.

Nimerudi mbio. Kama mtu hawezi kulikataa isale, na isale limetoka kwa mgombea, kura ataikataaje? Chama kizima, na wasomi wake wote wa Dar, hakuna aliyeliona hili! Nimetembea chumbani huku na huku mpaka Elisifa akahamia jikoni na jogoo akahamia nje.

Primus simwambii kitu. Mheshimiwa yuko Arusha, naye simwambii. Ataona matokeo.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimekata masale, majani ya isale yaliyopandwa mpakani kwetu, upande wetu na kidogo upande wa jirani. Kila jani nimelipiga fundo kama inavyotakiwa, halafu nikafunga utepe wa rangi za chama, njano na zambarau, ili lisionekane jambo la kizamani.

Nikaanza kugawa. Maajabu! Wale wale ambao hawakuwahi kugeuza shingo, leo walisimama. Waliweka mizani chini. Walipokea kwa mikono miwili. Mmoja alinishika bega. Nikafika kwa Mama Eliona. Akauliza limetoka kwa nani. Nikasema kwa Mheshimiwa Shedrack. Akauliza kama amenituma mwenyewe. Nikasema kwa moyo wake wote. Akauliza, kwa soko zima? Nikasema kwa soko zima, asibaki hata mmoja! Akavua miwani, akafuta macho kwa kanga, akasema hakutegemea kuiona siku hii. Nikamwambia hata mimi.

Elisifa nilimfikia wa mwisho, kule mferejini. Alisimama haraka. Alinyoosha mikono yote miwili, na uso wake ukalainika kama zamani. Akaniuliza kwa sauti ndogo, linatoka kwako? Neno la kwanza tangu Jumanne ya wiki iliyopita! Nikamwambia hapana, la Mheshimiwa, kama la wenzake. Akaliweka chini ya mkungu. Akakaa.

Sijui nilikosea wapi hapo. Labda utepe.

Jumamosi, 14 Oktoba

Nimepima kwa hatua pale ofisi ya msimamizi itakapokuwa. Dirisha litazame mlima. Kiti kitazame dirisha. Primus alinikuta nikipima, akauliza natafuta nini. Nikamwambia asubiri Jumanne. Hakupenda. Nimefurahi mno, na sijui nikae wapi.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mambo yameshika kasi, ingawa si kwa njia niliyoipanga.

Nilipokwenda kununua chumvi, watu dukani walikuwa wanamsifu Mheshimiwa. Wanasema ni mwanamume kweli, haijawahi kutokea mwanasiasa akakiri makosa yake mbele ya soko. Nikauliza makosa gani. Wakanitazama kama mtoto. Mtu haleti isale bure. Anayeleta isale amekosa, na anaomba radhi. Na amelipeleka soko zima, kwa hiyo amelikosea soko zima. Sasa kila nyumba inatafuta kosa. Wengi wanasema ni madumu ya maziwa ya kile kikundi cha wafugaji, yaliyopotea zamani yeye akiwa mweka hazina. Wengine wanataja barabara. Habari imeshuka mpaka Bomang'ombe, na huko imeongezewa mke wa mtu.

Hili nililijua, bila shaka. Kwamba isale ni la kuomba radhi. Nilikuwa nimelitazama kutoka upande mwingine tu.

Mama Eliona ameagiza, kwa taratibu zote, kwamba kesho soko litamsubiri Mheshimiwa aje alitaje kosa lake kwa kinywa chake. Nikaenda kumpigia simu Arusha. Nimefikiri njia nzima jinsi ya kumweleza. Alipopokea nikamwambia soko zima linamsubiri. Ni kweli tupu. Akafurahi sana. Sikuona sababu ya kumharibia.

Jumanne, 17 Oktoba

Mungu wangu.

Nianze mwanzo. Wanawake wote chini ya paa, wamekaa kwa mistari, hakuna anayeuza. Siku ya soko na hakuna anayeuza! Hata walevi wa kilabuni walikuja na vibuyu vyao. Mheshimiwa alishuka kwenye pikapu, akaona umati, akanishika mkono, akaninong'oneza nimefanyaje. Nikamwambia ni siri ya kazi. Akasema ofisi ni yangu. Hayo aliyasema, Primus alisikia.

Alipanda mezani akazungumzia zahanati. Kimya. Akazungumzia umeme. Kimya. Mama Eliona akainuka, akamwambia kwa heshima kwamba hayo watayasikia baadaye, sasa aje kwenye lile lililomleta. Mheshimiwa akauliza, lipi mama? Mama Eliona akainua isale lake, na utepe wake. Wakainua na wengine. Soko zima likawa kijani, na njano, na zambarau.

Mheshimiwa ni Mchaga. Hakuhitaji maelezo. Alicheka peke yake, akaacha. Kisha akageuza shingo taratibu akinitafuta. Nikampungia mkono.

Mama Eliona akasema hawana haraka, siku bado ndefu. Kosa hulitaja mwenyewe. Nilimwona Mheshimiwa akitoa leso, akijifuta, akiirudisha, akiitoa tena. Angeweza kusema si lake. Lakini nani atasimama mbele ya watu wa kwao akatae isale lililokwisha kupokelewa? Primus kwa kujipendekeza akawasha kipaza sauti, akakisogeza mdomoni kwa Mheshimiwa, ili watu wa nyuma wasikose.

Na kikasikika mpaka ng'ambo ya mfereji. Alisema, "Kuhusu yale mabati..."

Wanawake wakatazamana. Mama Eliona akauliza, "Mabati gani?"

Hakuna aliyekuwa anajua habari ya mabati! Wao walikuja kwa ajili ya madumu ya maziwa! Lakini lilikuwa limeshatoka, na kipaza sauti hakikuzimwa. Ikabidi amalizie. Yale mabati ya nusu ya pili ya soko. Wafadhili hawakuishiwa. Yalifika, yeye alikuwa kwenye kamati, na kwa wakati ule aliona ayahifadhi. Yako Arusha. Yako juu ya banda lake la kuku. Siku zote alikuwa na nia ya kuyarudisha.

Kisha mtu mmoja akasimama nyuma kabisa. Elisifa wangu.

"Kwa hiyo kuku wako wako kivulini," akasema, "na mimi niko juani."

Hakupaza sauti wala nini. Akakaa. Nilitaka ardhi ipasuke. Alikuwa anamwambia Mheshimiwa, lakini nilikuwa nimesimama pembeni ya meza, na meza ilikuwa palepale.

Jumatano, 18 Oktoba

Nimefukuzwa. Mheshimiwa alisema maneno ambayo sitayaandika, mengine kwa Kichaga, mengine kuhusu mama yangu. Kofia imechukuliwa. Nafasi yangu amepewa Primus, naye ameanza kuuliza kiti cha kuzunguka kinapatikana wapi. Elisifa amemwambia ng'ombe kwamba leo mvua inanukia.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mheshimiwa ametimiza desturi. Ameleta mbuzi, ameleta mbege, ameleta mabati kwenye pikapu. Mabati yana mavi ya kuku lakini ni mazima. Mama Eliona alikunywa mbege kwanza, akasema mbele ya wote kwamba wamemsamehe, kabisa, na atakayelitaja tena jambo hili ndiye mwenye kosa. Nilijikuta nina machozi. Mheshimiwa naye. Akapata nguvu, akauliza kama basi anaweza kuzitegemea kura zao.

Mama Eliona akasema kusamehe wamemsamehe. Kura ni habari nyingine.

Wakala mbuzi. Chama kikabeba meza na bendera kikaondoka. Kabla alama za miguu ya meza hazijafutika, Salvina akasukuma debe lake katikati, akakaa juu ya gunia, akapanga maharage. Nikamwendea Mama Eliona. Nikamwambia pale ni pa Elisifa, ni pa mama yangu, soko zima linajua. Akaniuliza ni nani aliyepaacha. Nikasema ni mimi. Akasema yeye hawezi kulivunja soko kwa sababu ya mume wa mtu.

Elisifa hakugombana. Aliinua mkungu wake, akarudi mferejini. Mabati yamelundikwa ukutani. Ya kupigilia lini, hakuna anayejua.

Sijala. Kule juani ndizi zinaiva kabla hazijauzwa. Doris anarudi shule Januari. Hili nimelifanya mimi, na si kwa chama wala kwa Mheshimiwa wala kwa Primus, kwa mkono wangu niliounyoosha mwenyewe. Nimejaribu kukaa chini nifikiri. Nimesimama. Nimekaa tena.

Jumanne, 24 Oktoba

Mahali ni pa anayekaa. Basi.

Nimetoka nyumbani kukiwa bado na umande, na mikungu miwili kwenye toroli. Sokoni hapakuwa na mtu. Nikatandika gunia pale langoni, nikapanga ndizi, nikakaa. Mwanamume mzima, miguu imenyooshwa mbele kama mama mkwe.

Salvina alifika na debe. Akaniambia nisogee. Nikasema mahali ni pa anayekaa. Akasema mimi si mwanamke. Nikasema debe nalo si mwanamke, na lilikaa chini ya meza. Akamwita mumewe. Primus alikuja, akaniona, akasahau alichoitiwa. Akawasha kipaza sauti na kutangaza kwamba leo langoni kuna mama mpya, ana ndevu kidogo, ndizi zake ni nzuri, karibuni. Kilabu kizima kikahama. Wengine walikuja na viti!

Nilitukanwa, nilichekwa, nilipigwa picha na mzungu aliyekuwa anateremka mlimani. Mwanamke mmoja alicheka mpaka akalazimika kushika nguzo. Sikuinuka. Kichwa kilikuwa kinawaka, miguu imekufa ganzi, na haja ndogo imenibana tangu saa tatu. Sikuinuka! Ningeinuka tu, debe lingekaa. Watu waliponunua niliuza, ila sikujua vizuri nauza nini. Niliwapa watu ndizi za pombe nikawaambia ni za mtori.

Mama Eliona alipita mara moja, akapita mara ya pili. Ya tatu akamwambia Salvina kwamba anachoona yeye ni mtu amekaa.

Elisifa alifika jua limeshapanda, mkungu kichwani, akielekea mferejini. Watu wakampisha waone atafanya nini. Akasimama mbele yangu. Akanitazama mimi, si mkungu, si gunia. Muda mrefu. Nikaona mdomo wake unacheza pembeni, lakini akaubana.

"Baba Doris," akasema, "sogea."

Nikasogea. Akakaa. Akapanga upya ndizi zangu zote bila kusema, kisha akasema kwamba nimeuza za pombe kwa bei ya mshare na hao watu watarudi jioni na mtori mchungu, kwamba shati langu ni chafu, na kwamba niende chooni kabla sijapata aibu. Maneno mengi hivyo, na yote kwangu! Nimerudi nyumbani nikiwa nimefurahi kuliko siku niliyoajiriwa.

Jumapili, 29 Oktoba

Tumepiga kura. Mheshimiwa Shedrack ameanguka. Hata mimi sikumpigia. Primus, imebainika, alihamia chama kilichoshinda tangu Jumatano na kipaza sauti chake.

Jumanne, 31 Oktoba

Elisifa yuko langoni, mahali pake. Mafundi wanapigilia mabati upande wa mfereji. Ukiutazama ukweli bila upendeleo, soko limepata paa kwa sababu yangu. Hakuna aliyelitaja hilo, lakini wanawake wananisalimia kwa jina, wananichekea, wananiuliza kama leo nina ndizi. Wananipenda. Mtu anayependwa hivi na soko zima hawezi kukaa nyumbani akikata majani ya ng'ombe.

Leo amekuja diwani mpya kushukuru. Msikivu sana. Amesema hataki kuwa kama waliotangulia, anataka meza ya kudumu sokoni, ya kusikilizia kero za wananchi miaka yote mitano, na anatafuta watu wa kujitolea wamsaidie kupata mahali. Pawe chini ya paa. Pawe karibu na lango. Primus alikuwa ameshaanza kuvimba.

Nilinyoosha mkono kabla diwani hajamaliza kusema. Mama Doris nitamweleza kesho asubuhi, akiwa bandani anakamua, mikono yake ikiwa na kazi.